Dai la Kura Katika Mapinduzi ya Zanzibar

Anayetaka kuyaelewa Mapinduzi ya Zanzibar na aanzie kwenye uchaguzi wa Julai 1963, kabla hajafika usiku wa kuamkia Januari 12, 1964. Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata takriban asilimia 54 ya kura ikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ukaunda serikali, na Desemba 10 ukakabidhiwa uhuru chini ya Sultani Jamshid. Wengi walioshangilia kupinduliwa kwake waliamini wamenyang'anywa ushindi wao. Hoja yetu ni kwamba dai hilo la kura, lililoyapa Mapinduzi uhalali wake mkubwa, ndilo lililotupwa mapema kuliko yote.

Hatuyabezi yaliyotendeka. Machi 1964 ardhi ilitaifishwa, baadaye familia zisizo na shamba zikagawiwa eka tatu tatu. Septemba mwaka huohuo elimu ikatangazwa kuwa bure, na watoto wa wakwezi na wachukuzi wakapata madawati ambayo wazazi wao hawakuyaota. Lakini maelfu ya watu walikuwa wameuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na wengine wakakimbilia ng'ambo. Baraza la Mapinduzi likawa linatunga sheria na kuzitekeleza lenyewe. Hata viongozi wa ASP yenyewe, kama Abdalla Kassim Hanga na Othman Sharif, waliangamia bila kesi ya hadharani. Na zile eka tatu? Aliyegawiwa alipewa kulima na kuvuna, umiliki ukabaki serikalini, hivyo riziki yake ikategemea radhi ya wakubwa.

Wapo watakaotujibu kwamba sanduku la kura lilikwisha kushindwa, na kwamba dola changa yenye maadui haiwezi kuendesha kampeni. Nusu ya kwanza tunaikubali: kura za ASP zilirundikana kwenye ngome zake, na mgawanyo wa majimbo ukaipunja. Dawa ya hilo ilikuwa kuyagawa majimbo upya. Serikali iliyoweza kutaifisha ardhi ya visiwa viwili ndani ya miezi miwili haikukosa uwezo wa kufanya hivyo, ilikosa nia. Wazanzibari wakangoja hadi 1980 ndipo wampigie kura Rais wao wa Visiwani, tena mgombea akiwa mmoja. Kufikia hapo kizazi kizima kilikwisha kufundishwa kwamba haki ya kutawala hutoka kwa waliopindua. Ndiyo maana vyama vingi viliporudi, kila uchaguzi tangu 1995 uligeuzwa kesi ya nani mwana wa Mapinduzi na nani adui yake, na Januari 2001 watu wakapigwa risasi Pemba wakiandamana kudai uchaguzi mpya.

Julai 31, 2010 wananchi waliulizwa wenyewe kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na takriban theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Toleo hili limeipa siku hiyo kurasa nyingi kuliko usiku wa John Okello, aliyeongoza uvamizi wa Mapinduzi, kwa sababu jibu lile la wananchi bado halijapewa uzito linaostahili.