Tumlipe Fundi wa Ilimba

Anayeagiza gitaa la umeme kwa fundi binafsi huko Ulaya hutanguliza fedha, kisha husubiri kwa miezi bila kunung'unika. Hapa Dodoma, fundi wa ilimba, ala ya vibao vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba, tunamwomba apunguze bei kabla hajagusa patasi. Nami nimewahi kufanya hivyo; najuta. Tunajivunia jina la Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha ilimba kwenye majukwaa ya ng'ambo, ilhali ufundi wake tunauona pambo la kupokelea wageni. Taasisi za umma zilizohamia mjini humu ziagize ala hizi, zilipe malipo ya awali, zisubiri. Kijana hatarithi ufundi uliomlaza baba yake njaa.