Kabla ya Kumpigia Fundi, Chomeka Waya
Intaneti ya nyumbani inayokimbia asubuhi na kutambaa saa mbili usiku inawaumiza watu wanaoitegemea kwa masomo na riziki, na inaniudhi kwamba jibu la huduma kwa wateja halibadiliki: zima ruta, uiwashe tena. Hilo husaidia ikiwa ruta imekwama tu. Kwanza ujue tatizo liko upande gani. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai, waombe wenzako waache video kidogo, kisha pima kasi. Pima asubuhi, pima usiku, andika. Ukipata kwenye waya megabiti 20 ulizolipia na chumbani kwa waifai 4, laini ni nzima. Waifai ndiyo inayokuangusha. Kwenye maghorofa ya Nairobi au Dar es Salaam, ruta za majirani zinagombania masafa ya gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hamia gigahezi 5, penye nafasi zaidi, ingawa mawimbi yake hayapenyi vizuri kuta nene. Kwa hiyo itoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu, katikati ya nyumba. Kasi ikishuka hata kwenye waya, jaribu modemu yenyewe bila ruta. Ikiwa bado inashuka, na ni kila usiku, huenda msongamano uko kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Wapelekee vipimo vyako, vyenye tarehe na saa, na usikubali kuambiwa tena uzime ruta.