Alama moja ya labo isivunje nyumba ya mutu

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kulala macho wazi wakati bwana iko ku poste ya usiku, leo tunazungumza juu ya damu. Si ile ya ajali. Ni ile kidogo wanavuta ku mukono siku ya visite ya kila mwaka, wanapeleka ku labo, kisha inarudi karatasi yenye alama ya + ao ya –.

Mutu mumoja wa Likasi alituletea karatasi yake. Miaka kumi na kenda anashika mashini ya kutoboa majiwe. Asubuhi vidole vyake vinavimba na kukakamaa, hawezi kufunga kifungo cha shati mpaka jua lipande. Yeye anasema ni uzee na mutetemo wa mashini. Mwaka jana karatasi ilisema: VDRL +. Infirmier akamwambia paka neno moja, kaswende, na alilisema mbele ya watu wawili. Mangaribi mutaa wote ulikuwa umejua. Bibi yake alipimwa, hana kitu. Akakusanya watoto na masahani, akarudia kwao. Nani angemulaumu?

Ku labo ingine walifanya examen ya pili, TPHA. Haikuonyesha kitu. Nyuma ya miezi sita walirudia zote mbili: VDRL ingali + kidogo, TPHA ingali –. Pale njo docteur aliangalia vile vidole, akaomba examen zingine. Yule mutu hana kaswende. Kinga ya mwili wake njo inapiga mwili wake mwenyewe.

Inawezekanaje? VDRL haitafuti mududu wa kaswende. Inatafuta askari wa damu, antikori, wenye kushika mafuta fulani yenye jina kardiolipini. Mwanamke mumoja wa Marekani, Mary Pangborn, njo aliyatoa na kuyasafisha mu moyo wa ngombe, mwaka wa 1941. Mugonjwa wa kaswende anatengeneza askari wa namna ile, lakini si yeye peke. Malaria inaweza kuwaleta kwa muda, mimba vilevile. Na mutu mwenye lupusi ao ugonjwa mwingine wa kinga anaweza kubakia nao miaka na miaka. Mu miaka ya 1950, kule Baltimore, docteur Joseph Moore na wenzake walifuata watu wenye walipata + bila kuwa na kaswende. Waliona wamoja kati yao, watu waliojisikia wazima kabisa, nyuma wakapata lupusi. Ile alama ilidanganya juu ya kaswende, lakini ilikuwa inasema kweli juu ya kitu kingine.

Mutatuuliza: hii inatuhusu namna gani sisi wa mine? Inatuhusu juu ya vumbi. Mwaka wa 1914, Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika juu ya wachonga majiwe wenye ngozi iliyokauka na kuwa ngumu kama mbao. Ni ugonjwa wa kinga wenye kuitwa skleroderma. Mwaka wa 1953, Anthony Caplan aliona mu mapafu ya wachimbaji wa makaa ya Wales vivimbe vya pekee, kwa wale wenye rumatisimu ya viungo. Mwaka wa 1957, Erasmus aliona ile skleroderma kwa wachimbaji wa zahabu wa Witwatersrand, Afrika ya Kusini. Mwizi ni silika, ile vumbi ya majiwe yenye kwarisi. Inaingia mu mapafu, kinga inaimeza, inashindwa kuimaliza, inabakia na hasira siku zote. Sisi wote tunajua inaleta silikosisi na inafungulia kifua kikuu mulango. Ni wachache wanaambiwa kwamba inaongeza pia hatari ya rumatisimu ya viungo, ya lupusi na ya skleroderma. Na wamama twangaises wa Kamituga, wenye kutwanga kwarisi kutwa nzima juu ya zahabu ya mwingine, visite gani ya kila mwaka inawangoja?

Mutu mwenye rumatisimu ya namna ile, mara mingi iko na kitu mu damu chenye karatasi inaita «facteur rhumatoïde». Ni antikori yenye kushika antikori zingine. Sasa angalieni ile test ya haraka ya malaria. Ule mustari mwekundu, mara mingi rangi yake inatoka ku punje ndogo sana za zahabu. Ndiyo, zahabu, hata creuseur asiyepata kitu mwezi muzima anaibeba ku test yake. Zile punje zimevalishwa antikori, na ku mustari kumebandikwa antikori zingine. Malaria ikiwa ndani, inakuwa daraja kati ya zile mbili, mustari unaonekana. Lakini facteur rhumatoïde inaweza kufanya daraja ile yenyewe, hata malaria haiko. Ilionekana ku test za miaka ya 1990, na haifanani kwa kila aina ya test. Mutu anameza dawa ya malaria mara tatu mu mwezi, viungo vinaendelea kuuma. Goutte épaisse, yenye kutafuta mududu kwa jicho ku mikroskopi, haidanganywi na ile daraja.

Njia inaenda na kurudi pia: kifua kikuu ao malaria vinaweza kupandisha facteur rhumatoïde kwa mutu asiye na rumatisimu.

Tusikilizane vizuri. Hatusemi + ni uongo. Mara mingi ni kweli, na kaswende inapona na penisilini. Mwanamke mwenye mimba akipata +, apate dawa kwanza, mambo ya kuhakikisha yafuate, juu kaswende inaua mutoto tumboni. Na VIH? Hakuna mutu anatangaziwa VIH kwa test moja. Tangu 2019 OMS inaomba test tatu zenye kufuatana zote ziwe +. Mwenye kumeza dawa zake asiziache juu ya gazeti letu. Aende kuuliza.

Tunachoomba kwa wakubwa wa kampuni, hata zile ndogo za sous-traitance, ni vitu vya bei kidogo. VDRL + isiandikwe ku fishi ya mutumishi mbele ya TPHA, na kampuni njo ilipe ile ya pili. Majibu yatolewe mu chumba kilichofungwa, kwa mwenyewe peke. Maji yamwangwe mbele ya kutoboa, kila poste, si paka siku ya wageni. Na wewe muchimbaji, ku labo sema kazi yako na miaka yako mu vumbi, onyesha vidole. Infirmier asipouliza, sema vile vile.

Yule mutu wa Likasi, bibi yake alirudia mu mwezi wa kenda, na karatasi ya TPHA mu sakosi, aliyoisoma yeye mwenyewe kwa shemeji zake. Lakini ku dosie ya kazi kungali ile + ya kwanza. Mara mbili ameomba waifute, wamemwambia arudie kesho.