Mizani ya Haki Katika Kupima Nakala za Akiba

Majuzi walimu wenzangu wawili walibishana vikali ofisini mwangu. Tulikuwa tukichagua mfumo wa faili, yaani utaratibu unaofuatwa na tarakilishi kupanga data katika diski, utakaohifadhi nakala za akiba za tasnifu za wanafunzi pamoja na sauti za wazee tulizorekodi nyanjani. Mmoja aliapa kwamba ext4 huiacha NTFS mbali kwa kasi. Mwenzake akashikilia kinyume. Kila mmoja alikuwa na takwimu zake. Nilipowahoji, ilibainika kwamba wa kwanza alinakili rekodi chache ndefu katika diski mpya, ilhali wa pili alinakili maelfu ya faili ndogo ndogo katika diski kuukuu.

Huo si ulinganishi. Sisi wanaisimu, tunapochunguza iwapo sauti mbili ni fonimu tofauti, hutafuta jozi kama *pata* na *bata*, ambazo hutofautiana kwa sauti moja tu. Vivyo hivyo, anayepima mifumo ya faili sharti abadilishe mfumo peke yake. Tarakilishi, programu ya kunakili na faili zibaki zile zile. Hata sehemu ya diski iwe ile ile, kwani diski inayozunguka husoma haraka zaidi ukingoni kuliko karibu na kitovu.

Aidha, kila faili huhitaji jina, tarehe na mahali pake kuandikwa. Kwa hivyo faili ndogo nyingi huchelewa kuliko faili moja kubwa yenye uzito sawa na zote. Pana hila nyingine pia: tarakilishi ikishasoma data huiweka katika kumbukumbu yake, na jaribio la pili huonekana kupiga mbio bila sababu ya haki. Basi na izimwe na kuwashwa upya kabla ya kila jaribio, na saa isisimamishwe mpaka data iwe imeandikwa diskini kikamilifu. Jaribio lirudiwe mara kadhaa, na matokeo yote yatangazwe, si yale yanayotupendeza tu.

Isitoshe, NTFS ilizaliwa na Windows NT mwaka wa 1993, nayo ext4 ni ya Linux. Anayeipima NTFS ndani ya Linux anampima pia mkalimani wake.

Huenda msomaji akauliza, yote haya ya nini? Baadhi ya wazee tuliowarekodi wamekwishatangulia mbele ya haki. Sauti zao hazirekodiwi tena. Nakala inayochukua usiku kucha huahirishwa, na inayoahirishwa haipo siku diski inapokufa. Tena, kasi si kitu iwapo hatujajaribu kuzirejesha faili na kuzifungua.

Wanafunzi wangu, mtu akiwaletea takwimu, muulizeni kwanza: ni kipi kingine kilichobadilika?