Siri ya moyo wenye afya yaweza kuwa tumboni

KWA miaka mingi mjadala kuhusu maradhi ya moyo umezunguka mambo yale yale: chumvi, mafuta, sigara, pombe na kukosa mazoezi. Mambo hayo bado yana uzito wake. Hata hivyo, sayansi imemtaja mhusika mwingine ambaye wengi hawakumtarajia, nao ni bakteria waishio katika utumbo wa binadamu.

Suala hili si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019. Zaidi ya robo tatu ya vifo vya maradhi haya hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dhana kwamba haya ni maradhi ya matajiri imekwisha kupitwa na wakati.

Mwaka 2011, watafiti wakiongozwa na Dk. Stanley Hazen wa Cleveland Clinic, Marekani, walieleza jinsi bakteria hao wanavyohusika. Mtu anapokula chakula chenye kolini kwa wingi, kama vile viini vya mayai na maini, baadhi ya bakteria huivunja na kutoa gesi iitwayo TMA. Gesi hiyo huingia katika damu hadi kwenye ini, nalo huigeuza kuwa kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama TMAO. Katika panya wa maabara, kemikali hiyo ilichochea mafuta kujijenga kwenye kuta za mishipa.

Miaka miwili baadaye, watafiti hao walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 4,007 kwa miaka mitatu. Wale waliokuwa na TMAO nyingi zaidi katika damu walikabiliwa na hatari ya kufa, kupata shambulio la moyo au kiharusi kwa takriban mara mbili na nusu ya wale waliokuwa nayo kidogo. Nyama nyekundu nayo iliguswa, kwani ina kanitini ambayo bakteria huigeuza kwa njia hiyo hiyo.

Je, tuzike mayai na nyama? La hasha. Samaki wengi wa baharini wana TMAO nyingi kiasili, lakini ulaji wa samaki umehusishwa na afya njema ya moyo. Aidha, figo ndizo huitoa kemikali hiyo mwilini, hivyo kuongezeka kwake kwaweza pia kuwa dalili ya figo zilizochoka. Kwa sababu hiyo, wataalamu bado wanabishana iwapo TMAO ni mkosaji mwenyewe au ni shahidi tu.

Upande wa pili wa shilingi unatia moyo zaidi. Bakteria hao wanapopata nyuzinyuzi kutoka katika maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, huzichachusha na kutoa asidi kama butireti, ambazo hulisha kuta za utumbo na kusaidia kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili. Uvimbe huo ni mmoja wa wachochezi wa kuziba kwa mishipa.

Ushahidi mmoja umetoka Tanzania. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025 uliwahusisha wanaume 77 wenye afya. Waliohama kutoka vyakula vya asili kwenda vyakula vya Kimagharibi kwa wiki mbili tu walionyesha ongezeko la viashiria vya uvimbe katika damu. Waliorudi kwenye vyakula vya asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo hata wiki nne baadaye.

Hapa ndipo mkazi wa mjini anapopaswa kutafakari. Chipsi, soseji na mkate mweupe vimekuwa alama ya maendeleo, ilhali kunde, ulezi na mchicha vinaonekana chakula cha walioshindwa maisha. WHO inashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga na gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Kiasi hicho hakihitaji utajiri.

Tahadhari nayo ni muhimu. Dawa za kuua bakteria si jawabu. Katika utafiti wa Marekani zilishusha TMAO, lakini ilirejea zilipoachwa, na kuzitumia ovyo huzaa usugu. Vivyo hivyo, vidonge vya bakteria vinavyouzwa madukani haviwezi kushika nafasi ya dawa za shinikizo la damu alizoandikiwa mgonjwa.

Serikali na halmashauri za miji zina wajibu wa kuhakikisha kuwa masoko ya mboga na chakula cha shuleni havisahauliwi. Tukingoja hadi wodi za moyo zijae, tutalipa kwa gharama ya matibabu kile ambacho tungekinunua sokoni kwa bei ya fungu la mchicha.