Vikope na Bomba la Kijiji

Maradhi ya vikope, ambayo matabibu huyaita trakoma, wengi huyahesabu kuwa ni kazi ya mdudu peke yake, ilhali upofu uliowafika akina mama wa Kongwa na wazee wa Kimasai wa Kajiado na Narok hutokana na makovu ya vita ambavyo mwili wenyewe ulivipigana kwa kujihami.

Bakteria wa maradhi haya, klamidia, hujipenyeza katika seli za utando laini ulio chini ya kope ya juu, na seli iliyohujumiwa hutoa kemikali za kuomba msaada. Ndipo chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili zitokapo mishipani kwa wingi ili kummeza mdudu, na nyuma yake zikaja limfositi, ambazo hujikusanya hata zikafanya vile vipele ambavyo mganga huviona aipinduapo kope ya mtoto. La kustaajabisha ni hila ya limfositi hizi: hutoa kemikali ya amri iitwayo intaferoni-gama, na seli iliyopata amri hiyo huiteketeza triptofani iliyomo ndani yake, chakula ambacho mdudu huyu hawezi kujitengenezea, akadhoofika kwa njaa.

Lau vita vingekuwa vya mara moja, jicho lingepona. Lakini mtoto aambukizwaye tena na tena, kwa nzi, kwa mikono, na kwa kitambaa kimoja kifutacho nyuso za nyumba nzima, kinga yake haipati kutulia. Silaha zake, zisizobagua adui na mwenyeji, huujeruhi utando, makovu yakaikaza kope hata ikajikunja ndani, na nywele zake zikakikwaruza kioo cha jicho kila apepesapo, miaka nenda miaka rudi, mpaka nuru ikapotea.

Azithromaisini ni dawa aali, na mgawo wake sharti udumishwe. Lakini humwua mdudu wa leo, wala haimzuii wa mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani limeagiza mambo manne, yaani upasuaji, dawa, usafi wa uso na usafi wa mazingira, na Oman, iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa imeyashinda maradhi haya, imethibitisha kwamba yamkini kushinda. Mama atembeaye mwendo mrefu kwa ndoo moja ya maji hutanguliza kunywa na kupika, wala si haki kumlaumu kwa tongotongo za mwanawe. Basi wizara za afya na za maji zishauriane, na bomba la kijiji lihesabiwe katika gharama za matibabu ya macho.