Tulifute Ubaoni Neno "Mpagani"

Ndugu walimu, liko neno moja ambalo twalifundisha bila kulipima, nalo ni "mpagani". Katika madarasa yetu ya Gitega na Muyinga husikika mwalimu akieleza kwamba mpagani ni mtu asiye na dini. Mwanafunzi huyaandika hayo daftarini, na jioni hurudi nyumbani kumtazama babu yake kwa jicho la dharau. Sisi twasema maelezo hayo si kweli, na mwalimu wa lugha hana haki ya kuyaeneza.

Asili ya neno yatosha kututahadharisha. Limetoka katika Kilatini, ambako "paganus" alikuwa mtu wa shamba. Baadaye Wakristo wakalitumia kwa kila asiyekuwa wa imani yao. Wamisionari Wakatoliki walipofungua misheni ya Mugera, katika nchi ya Gitega, mwaka 1899, waliwakuta Warundi wakimtaja Imana, Muumba wa vyote, na kumwendea kwa njia ya Kiranga. Mtu mwenye Muumba, mwombezi na ibada, ataitwaje mtu asiye na dini?

Tena ibada hiyo ilikuwa na chuo chake. Mtu hakuingia katika kubandwa kwa kupenda ngoma tu. Aliongozwa na mkubwa aliyetangulia kuingizwa, akafundishwa maneno yasiyosemwa mbele ya wageni, akala kiapo cha kutunza siri. Mti wa ibada uliitwa umurinzi, na mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji mkalimani kutambua kwamba huyo ni mlinzi. Waliingia wanaume kwa wanawake, Wahutu kwa Watutsi. Nyumba ilipopatwa na ugonjwa au utasa, walioingizwa ndio waliokusanyika kuiombea. Basi mtu alifunzwa ili awatumikie wenziwe.

Karibu na chuo hicho kilikuwapo kingine, cha bashingantahe. Hao hawakuwa makuhani bali waamuzi na wapatanishi wa kilima. Lakini malezi yao yalifuata njia ile ile ya mtu kukua kwanza ndipo apewe kazi. Mwombaji alitazamwa miaka mingi: je, husema kweli? Je, hujizuia katika pombe na tamaa? Je, huweza kusikiliza kabla ya kuhukumu? Alikuwa na mlezi wa kumwonya, na mwisho aliapa mbele ya watu wote na kukabidhiwa intahe, ile fimbo ya hukumu. Sisi tulianza na cheti, ndipo tukaambiwa tuwe na tabia njema. Kilima kilianza na tabia. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba kilima hakikujua elimu ya malezi?

Wako watakaopinga kwamba twataka kurudisha matambiko. La hasha! Mwenye msikiti na abaki msikitini, mwenye kanisa na abaki kanisani. Wenzetu Waislamu wa Muyinga wajua kwamba Waswahili wa pwani, wenye kusali sala tano, hawakuona haya kuwa na kungwi wa kumfunda mwari. Kusema kweli juu ya malezi ya wazee si kuabudu miungu yao.

Wala hatusemi kwamba mambo ya kale yalikuwa safi yote. Mwanamke hakupewa intahe kwa haki yake mwenyewe, Watwa waliwekwa kando, na karamu ya kutawazwa ilimwelemea maskini. Hayo nayo yafundishwe. Shule yenye kasoro bado ni shule.

Kinachotuchukiza zaidi ni unafiki. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014, na wageni huletwa Gishora, karibu na Gitega, kuzishangilia. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 nao ulitaka ubushingantahe urudishiwe heshima yake. Basi twaipigia ngoma makofi, twausifu mkataba, kisha darasani twamwita mpagani mzee yule yule aliyelelewa na mambo hayo! Mkataa kwao ni mtumwa, na utumwa huu twaufundisha wenyewe, kwa chaki yetu.

Twadai mambo mawili. Kwanza, mwalimu aandike "mfuasi wa dini ya jadi", na pale ajuapo jina, alitaje: Kiranga, kubandwa. Pili, awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize jinsi mtu alivyoandaliwa kuwatumikia wenziwe, kisha waandike insha kwa Kiswahili sanifu. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na hakuna kamusi itakayojibu badala yao. Tusingoje kuagizwa na wizara. Ubao u mbele yetu, na kifutio tunacho mkononi.